Kurasa Nyeusi za Meli Tokoyo

"Nyeusi," alisema Bwana Tsukuda. "Zote nyeusi, tazama mwenyewe. Hii ndiyo zawadi aliyotuachia yule mwizi."

Mpelelezi Nagumo Chizu alivaa glavu za pamba, akavuta kiti, akakaa mbele ya kasha lililokuwa wazi mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye magoti mabovu na macho mazima, na shirika la bima lilimlipa kwa kazi moja tu: kuambiwa kwamba kitu kimeibwa, kisha kuuliza kwa upole kama kweli kimeibwa.

Ndani ya kasha mlikuwa na karatasi kumi na sita, kila moja imelazwa juu ya kadibodi nene. Zilipakwa wino mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na mstari, wala uso wa mtu, wala meli. Juu ya kifuniko, kwa mwandiko wa marehemu Mwalimu Hirukawa Gen, paliandikwa neno moja: Mwisho.

"Maonyesho yanafunguliwa kesho," Tsukuda aliendelea. Yeye ndiye msimamizi wa jumba la kumbukumbu ya Mwalimu pale Tsuruoka, mtu mnene aliyevaa tai yenye picha ya chombo cha angani. "Watu wameshafika tangu jana, wengine wametoka Kyushu kule. Nitawaambia nini? Wameusubiri mwisho huu maisha yao yote!"

"Nieleze kana kwamba sijui kitu," alisema Nagumo. "Maana kweli sijui. Nyumbani kwetu babu ndiye aliyeshika runinga, na babu alikuwa mtu wa mieleka ya sumo."

Tsukuda alimtazama kama mtu anayempa mkono wa rambirambi. "Pole sana," alisema, na hakuwa anatania hata kidogo.

Basi akaeleza. Meli Tokoyo ilikuwa tamthilia ya runinga, ikioneshwa kila Alhamisi jioni. Dunia imezama, watu waliosalia wamepanda meli moja kubwa, wanazunguka kati ya nyota wakitafuta mahali pa kushuka. Mwalimu Hirukawa ndiye aliyepewa kazi ya kuichora hadithi hiyohiyo kwa katuni, katika gazeti la watoto la kila mwezi. Kisha kituo cha runinga kikaona watazamaji ni wachache, kikaikata tamthilia katikati. Meli ikaachwa angani, haijafika popote. Watoto wakalia nchi nzima, halafu wakajifuta machozi, wakasema si neno, Mwalimu atatufikisha kwenye katuni. Mwalimu akachora mwisho. Na kabla haujapigwa chapa, gazeti nalo likafa.

"Kwa hiyo mwisho upo," alisema Nagumo.

"Ulikuwepo! Humu ndani! Aliuweka mwenyewe, akalifunga kasha kwa gundi na muhuri wake wiki chache kabla ya kufariki. Ila kabla ya hapo lilikaa kabatini miaka na miaka, wazi. Mtu alizitoa kurasa akaweka hizi takataka ili kasha lisiwe jepesi. Na mtu huyo namjua. Bi Isobe Kikue, msaidizi wake. Alimaliza kazi ya kurasa hizi, kesho yake akaondoka bila hata kuaga. Bila kuaga, mpelelezi! Msaidizi hamwachi mwalimu wake hivyo, labda awe ameficha kitu. Karatasi ni zilezile za gazeti, jina lake lipo nyuma. Nani mwingine angekuwa nazo?"

"Mmemuuliza?"

"Nilimpigia simu jana. Unajua alijibu nini? 'Nilizimaliza kwa mikono yangu mwenyewe.' Akakata simu." Tsukuda alitazama saa. "Nimekuita wewe kwa sababu bima inataka. Lakini saa kumi na moja tukifunga milango, nakwenda polisi. Na waandishi wa habari nao nitawaambia jina lake."

Nagumo aliinamia karatasi ya juu. Taa ya chumba kile ilikuwa hafifu sana, kwa kuwa kurasa zilizochorwa kwa mkono haziwekwi kwenye mwanga mkali, na wala haziinuliwi juu zikaning'inia. Zinalazwa, zinatazamwa kwa juu, basi. Hata hivyo aliona kitu.

"Hivi vitobo ni vya nini?"

"Wadudu. Karatasi za kabatini hizo, zimeliwa. Nimekwambia takataka."

Nagumo alivua glavu moja, akaomba radhi, akapitisha ncha ya kidole chini ya karatasi. Upande wa juu, kwenye vitobo, ulikuwa laini. Upande wa chini ulikwaruza. Aliiweka pembeni akachukua ya pili, kisha ya tatu, akizilinganisha pembe kwa pembe.

"Nioneshe kurasa zilizobaki," alisema. "Zile za ukutani."

*

Hapo ndipo Nagumo aliponaswa. Aliingia ukumbini akiwa na swali mdomoni, na swali likamtoka.

Meli Tokoyo ilikuwa ukutani, kwenye karatasi mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, inapita mbele ya jua linalokufa. Kila dirisha la meli lilichorwa, na nyuma ya kila dirisha palikuwa na mtu: huyu anakunywa supu, yule anamchana mwanawe nywele. Ilikuwa wino na karatasi tu, na mkono wa mtu. Nagumo, aliyekwisha kukagua vito vya matajiri bila kupepesa jicho, alisimama akasahau magoti yake. Alijiona mdogo kabisa, na ajabu ni kwamba hakuona vibaya kuwa mdogo.

"Mungu wangu," alisema polepole.

"Enhe," alisema Tsukuda kwa fahari, machozi yakimlengalenga. "Sasa umeiona."

Ilimchukua Nagumo muda kurudi kazini. Alisogea karibu na kioo. Katika sehemu nyeusi ya anga, chini ya wino, paliinuka mkwaruzo mwembamba wa penseli, alama ya mkasi, mistari miwili iliyopishana.

"Hii alama?"

"Ndiyo kawaida ya wachora katuni. Mwalimu anachora, na pale anapotaka pawe peusi anaweka alama ya mkasi. Msaidizi akiiona anajaza wino. Haulizi."

"Haulizi kabisa?"

"Mwalimu ameweka alama! Utauliza nini tena?"

"Na hii mihuri myekundu pembeni?"

"Ya kituo cha runinga. Katuni ilikuwa mali ya tamthilia, kwa hiyo kila uso ulipaswa kukubaliwa na mtu wao. Mwalimu hakuruhusiwa kuongeza hata mpishi mmoja melini. Alilalamika hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa akisema, 'Wao wana taa nyuma ya picha zao, nyota zao zinawaka. Mimi nina karatasi, na wanataka kunihesabia hadi pua.'"

"Zile nyeusi hazina muhuri."

"Takataka inapigwa muhuri wa nini?"

Nagumo alipita kwenye kabati la vioo lenye vifaa vya Mwalimu: kalamu, kisu, unyoya wa kufagilia mabaki ya kifutio. Mwishoni palikuwa na sindano ya kushonea, imepigiliwa kwenye kijiti cha kulia chakula. Kibao chake kilisema: Matumizi hayajulikani. Kijiti kilikuwa kimelika pale vidole vinaposhika, kimeng'aa kwa jasho la mkono.

Aliitazama sindano ile kwa muda mrefu, akarudi kuzipapasa na kuzilinganisha kurasa nyeusi zote kumi na sita, kisha akauliza Bi Isobe anakaa wapi.

*

Bi Isobe Kikue alikaa nyuma ya hekalu, katika nyumba ndogo ya mbao, na alikuwa akichora maua kwenye mishumaa. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu alipoacha katuni. Alikuwa kizee mwembamba, mgongo umepinda, aproni nyeupe imetapakaa rangi. Alipomwona mgeni alichomeka brashi nyuma ya sikio lake bila kufikiri, akaenda kuleta chai baridi ya shayiri na bakuli la soya changa za kuchemsha.

"Kula kwanza," alisema. "Ukinikamata, unikamate umeshiba."

"Sikamati mtu, mama. Mimi wa bima."

"Ah. Basi hata kula huna haja, mna hela." Lakini alilisukuma bakuli karibu naye.

Nagumo alimenya soya, akasifu utamu wake kwa dhati, kisha akauliza pasipo kuzunguka: "Kurasa za mwisho zilikuwa na nini?"

"Zimo ndani ya kasha lile. Sikuchukua kitu."

"Najua hukuchukua."

Bi Isobe alinyanyua uso. Inaelekea hakulitarajia neno hilo.

"Karatasi zile ni za siku zile, na wino ni wa siku zile," alisema Nagumo. "Na chini ya wino kuna alama ya mkasi, kwenye kila moja. Nimeipapasa. Mwizi anayetaka kujaza kasha hahangaiki kuweka alama. Wewe ndiye uliyezijaza wino, mama. Na ndiyo maana ya maneno yako kwenye simu."

Nje watoto walikuwa wakipita wakipiga kelele, maana ilikuwa siku ya kwanza ya Obon, siku ya kuzipokea nyumbani roho za wafu, na shule zimefungwa.

"Alizichora kwa penseli," alisema Bi Isobe. "Kidogo tu, hafifu. Ukurasa wa kwanza niliona ncha ya meli. Siku hiyo tulipata habari kwamba gazeti limekufa. Akazikusanya zote, akaweka alama ya mkasi katikati ya kila moja, kubwa, akanisukumia. 'Jaza,' akaniambia. Nikamwambia, Mwalimu, kuna meli hapa. 'Jaza, Isobe.'"

"Ukajaza."

"Alama ilikuwepo, mwanangu! Nilikuwa msaidizi wake. Nilijaza tangu asubuhi mpaka giza, na yeye amenipa mgongo anatazama dirishani. Nilimchukia siku ile. Niliona ameiua meli kwa hasira zake, na mimi ndiye aliyenitumia kuiua. Kesho yake nikafunga virago. Hatukusemezana tena mpaka amekufa."

"Kwa nini hukumwambia Bwana Tsukuda hivyo?"

"Yule mtoto?" Tsukuda alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. "Ameisubiri meli ifike tangu darasa la tatu. Nimwambie ilifika, nikaipaka wino? Bora waniite mwizi. Nikiwa mwizi, wataendelea kuamini iko mahali fulani."

Nagumo alimtazama kwa heshima. Kizee huyu alikuwa tayari kuchafuliwa jina kwenye magazeti ya nchi nzima ili watu wasiowajua wabaki na matumaini yao.

"Mwalimu hakuwahi kukutafuta? Hata mara moja?"

"Hata. Mama yangu alifariki mwaka ule. Obon iliyofuata watu wakaleta kandili za kumpokea, kama kawaida. Naye alituma moja, bila salamu, bila neno. Ile pale."

Karibu na madhabahu ya nyumbani palisimama kandili ya karatasi, nyeupe tupu, mbaya ukilinganisha na kandili za watu wengine zenye maua na majani. Nagumo aliona huruma kidogo kwa yule aliyeituma.

"Haina hata picha," alisema.

"Inayo. Ngoja." Bi Isobe alijikokota, akabonyeza swichi ya taa iliyokuwa ndani yake.

Nyasi zikatokea. Nyasi za vuli, na mwezi, na mdudu mmoja ameketi kwenye jani, vyote vimelala ndani ya karatasi vikisubiri taa iwake nyuma yao.

Nagumo aliliacha ganda la soya mezani. Alisimama haraka hadi magoti yakalia.

"Mama," alisema, "vaa viatu."

"Kuna nini?"

"Kasha lina kitu. Alikutumia habari, mama, ukaiweka karibu na madhabahu miaka yote hii. Twende kabla Tsukuda hajafika polisi!"

*

Walimkuta Tsukuda ameshavaa koti, funguo mkononi. Alipomwona Bi Isobe alirudi nyuma hatua moja.

"Umemleta akiri?"

"Nimemleta aone," alisema Nagumo. "Fungua ule mlango wa bati."

Chumba cha nyuma kilikuwa na mlango mkubwa wa kukunja, wa kuingizia mizigo, unaotazama magharibi. Tsukuda aliutazama, kisha akatazama kasha.

"Jua? Kwenye kurasa za mkono? Una wazimu!"

"Si umesema ni takataka?"

Tsukuda aliziweka funguo mezani.

"Sikiliza," alisema Nagumo. "Mdudu akila rundo la karatasi, anatoboa moja kwa moja; tundu la karatasi ya juu linaendelea kwenye ya chini yake. Nimezilinganisha. Hakuna tundu hata moja linalolingana na jingine. Na mdudu hatoboi kutoka juu tu kila mara. Hapa, kila tundu limesukumwa kutoka upande wa wino, nyuma kumekwaruza. Ni sindano, Bwana Tsukuda. Ile uliyoiandikia kibao kwamba matumizi yake hayajulikani, mpini wake umelika kwa miaka ya kushikwa. Bi Isobe alijaza wino kwa amri ya Mwalimu, naye Mwalimu akatoboa baadaye."

"Sindano ya kufanyia nini? Kamera ya mpiga chapa haioni matundu! Ukurasa kama huo haupigiki chapa."

"Basi. Haukuwa wa kupigwa chapa tena. Gazeti limekufa, runinga imejitoa, hakuna muhuri, hakuna kamera. Kwa mara ya kwanza karatasi ilikuwa yake peke yake. Na alikuwa akilalamika nini maisha yake yote?"

Tsukuda aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwamba wao wana taa nyuma ya picha."

Alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa bati, akauvuta juu kwa mikono miwili.

Jua la alasiri liliingia lote kwa pamoja. Nagumo alichukua karatasi ya kwanza kwa ncha za vidole, akaiinua mbele ya mwanga.

Ile karatasi nyeusi iliwaka. Nyota zilitoka mamia kwa mamia, kubwa na ndogo, nyingine ncha tu ya sindano, nyingine zimetobolewa kwa kuzungushwa hadi zikawa na miale. Katikati yao, nukta kwa nukta, ilitokea ncha ya Meli Tokoyo. Mwanga ulipita matunduni ukaangukia shati la Tsukuda, na mtu yule mnene akasimama amejaa nyota kifuani, mikono ameinua, anaogopa kuzifuta.

"Lo!" alisema Nagumo. "Lo, lo, lo." Hakuona aibu.

Aliinua ya pili, na ya tatu. Meli ilisogea. Ilipita kwenye ukungu wa vumbi la nuru, matundu membamba kiasi kwamba ulishangaa karatasi haikuchanika. Dunia mpya ikatokea, kwanza kama tone, halafu ikajaza ukurasa mzima, ina bahari, ina mawingu, na kwenye upande wake wa usiku hakuna taa hata moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika. Tsukuda alilia kwa sauti, kama mtoto wa darasa la tatu mbele ya runinga iliyozimwa ambayo mtu amekuja kuiwasha tena.

"Wamefika," alikuwa akirudia. "Jamani, wamefika. Wamefika."

Bi Isobe alisimama nyuma yao, mikono ameishika mbele ya aproni. Nagumo akabaki na karatasi ya mwisho. Aliiinua.

Mlango wa meli umefunguka, ngazi imeshuka kwenye majani. Nahodha yupo, na rubani, na daktari, na wale wengine, Tsukuda akiwataja mmoja mmoja kwa majina kupitia kwenye machozi yake. Halafu akasita.

"Huyu simjui," alisema.

Alisogea karibu. Mbele ya wote, mguu mmoja umeshakanyaga ardhi, palisimama msichana mwembamba aliyevaa aproni. Ametazama juu. Ndiye peke yake aliyetobolewa kwa matundu madogo kuliko ya wengine wote, hata nywele zake zilionekana.

"Huyu hakuwemo kwenye tamthilia," Tsukuda alisema, amechanganyikiwa. "Nawajua wote. Kituo kisingemkubali. Ni nani huyu? Na hiki nyuma ya sikio lake ni..."

Aligeuka polepole, na Nagumo naye akageuka.

Bi Isobe alikuwa ametoka nyumbani mbiombio, na brashi ya mishumaa ilikuwa bado nyuma ya sikio lake. Mkono wake ulipanda, ukaigusa, ukabaki pale. Tsukuda alimtazama, akautazama ukurasa, kisha akapiga magoti juu ya sakafu ya saruji, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Nyanyuka, mtoto wewe, utachafua suruali," alisema kizee, lakini maneno yalikatika. "Mpumbavu yule. Angesema tu. Neno moja tu angesema."

Simu ya Nagumo ililia mfukoni. Walikuwa watu wa bima, wakitaka kujua kilichoibwa. Aliwaambia hakuna kilichopotea, akakata.

Mikono yake ilikuwa imeanza kuuma kwa kushikilia karatasi juu, akaishusha kidogo, na ardhi ile mpya ikawa nyeusi tena. Bi Isobe alimshika kiwiko.

"Inua tena, mwanangu," alisema. "Inua. Bado sijaiona vizuri."